Jinsi Warumi Walivyoipoteza Jamhuri Yao
(Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima)

Nawaomba waalimu watundike ramani ya Bahari ya Mediterania, na waandike ubaoni majina matatu: Caesar, Octavianus, Augustus. Majina mawili ya mwisho ni ya mtu mmoja. Tutaona kwa nini alibadili jina lake.

Katika somo lililopita tulisema kwamba Warumi walimfukuza mfalme wao wa mwisho mwaka 509 K.K., wakaapa kwamba hawatakuwa na mfalme tena. Baada ya somo hilo tulipata barua fupi kutoka kwa mama mmoja ambaye anajifunza kusoma. Anauliza hivi: kama watu hawa waliwachukia wafalme kiasi hicho, mbona mwishoni walikubali kutawaliwa na mtu mmoja? Walilazimishwa, au walidanganywa? Mama, swali lako ni zuri, na wenye elimu kubwa wamelijadili kwa muda mrefu. Leo tutalijibu.

Kwanza niwakumbushe hesabu ya miaka. Miaka ya kabla ya Kristo huhesabiwa kinyumenyume, kama mtu anayeshuka ngazi. Mwaka 133 K.K. ulitangulia mwaka 44 K.K. Asiyelishika jambo hili atapotea njiani.

Serikali ya jamhuri ya Warumi ilijengwa juu ya hofu. Walimhofu mtu mmoja mwenye nguvu kama mfugaji anavyomhofu chui. Badala ya mfalme walichagua wakuu wawili, walioitwa makonsuli, nao walitawala mwaka mmoja tu. Konsuli mmoja aliweza kumzuia mwenziwe kwa kusema, nakataza. Palikuwa na Baraza la Wazee, ndiyo Seneti, la watu wa jamaa kubwa. Tena palikuwa na watetezi wa raia, waliochaguliwa na watu wa kawaida, nao pia walikuwa na haki ya kukataza. Ikitokea hatari kubwa, mtu mmoja aliweza kupewa mamlaka yote, akaitwa dikteta, lakini kwa muda usiozidi miezi sita.

Msidhani kwamba hii ilikuwa serikali ya watu wote. Wanawake hawakupiga kura. Mtumwa alikuwa mali, kama ng'ombe. Na katika kuwachagua makonsuli matajiri walipiga kura kwanza, hata mara nyingi jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa kabla zamu ya makabwela haijafika. Hata hivyo, kwa muda wa karibu miaka 400 hakuna mtu aliyefaulu kujifanya mfalme. Si jambo dogo.

Basi jamhuri hiyo iliharibika wapi? Iliharibikia shambani.

Zamani hizo askari wa Roma alikuwa mkulima. Aliacha jembe, akaenda vitani na silaha alizozinunua mwenyewe, akarudi kulima. Vita vilipokuwa karibu na kwao mambo yalikwenda vizuri. Lakini Roma ilipoanza kupigana ng'ambo, Hispania, Afrika ya Kaskazini na Ugiriki, askari alikaa miaka mingi bila kukiona kijiji chake. Mwaka 146 K.K. majeshi ya Roma yaliteketeza miji miwili mikubwa, Carthage, karibu na Tunis ya leo, na Corinth ya Ugiriki. Mali nyingi iliingia Roma pamoja na maelfu ya watumwa. Mabwana wakubwa walinunua mashamba ya askari waliokuwa mbali, na mara nyingine waliyachukua kwa nguvu tu, wakayaunganisha, wakaweka watumwa wayalime. Askari aliporudi na makovu yake alikuta shamba la baba yake lina mizeituni ya mtu mwingine. Alikwenda mjini Roma kukaa bila kazi.

Mwaka 133 K.K. mtetezi mmoja wa raia, jina lake Tiberius Gracchus, alileta sheria mpya. Alisema kwamba katika ardhi ya serikali mtu mmoja asishike zaidi ya kiasi fulani, kama ekari 300 hivi kwa hesabu yetu, na ziada wagawiwe maskini. Sheria ilipita. Lakini kabla mwaka haujaisha, wajumbe wa Seneti na wafuasi wao walimwendea na marungu na vipande vya viti vilivyovunjika, wakamwua pamoja na watu wapatao 300. Maiti zilitupwa katika mto Tiber. Ndugu yake Gaius alijaribu tena, naye aliangamia mwaka 121 K.K.

Hapa nawaomba mwalimu na darasa wasimame kidogo. Watu wengi wakisikia kwamba jamhuri ya Roma ilikufa humtaja Caesar mara moja. Lakini damu hii ilimwagwa miaka 33 kabla Caesar hajazaliwa. Walioimwaga walikuwa waheshimiwa wa Baraza, na walisema wanailinda jamhuri. Tangu siku hiyo kila mtu Roma alijua kwamba shauri laweza kukatwa kwa rungu.

Mwaka 107 K.K. jemadari Marius, aliyekuwa konsuli, aliandikisha jeshini watu wasio na shamba wala mali yoyote. Walikuja kwa wingi, na walikuwa askari hodari. Lakini fikirini. Askari mwenye shamba, vita vikiisha, hutaka kwenda kwake. Askari asiye na shamba, vita vikiisha, humtazama jemadari wake na kumwuliza: mimi nitakula nini? Seneti ilikuwa bahili. Haikutaka kuwapa askari wazee ardhi, kwa sababu ardhi ilikuwa mikononi mwa wajumbe wenyewe. Basi jemadari akawa baba yao. Yeye ndiye aliyewaahidi shamba, na yeye ndiye waliyemtii.

Matunda yake yalionekana upesi. Mwaka 88 K.K. jemadari Sulla aliambiwa kwamba uongozi wa vita vya Mashariki amenyang'anywa, amepewa Marius. Aliwaambia askari wake, kisha akawaongoza wakaingia mji wa Roma kwa silaha. Maofisa wake wote, isipokuwa mmoja, walikataa kwenda naye. Maofisa hao walikuwa watoto wa matajiri. Askari wenyewe walikwenda. Miaka michache baadaye Sulla alirudi tena kwa vita, akatundika sokoni orodha za majina. Mtu aliyeandikwa humo aliweza kuuawa na yeyote, mwuaji akapewa zawadi, na mali ya marehemu ikapigwa mnada. Baadhi ya watu waliandikwa kwa sababu ya ubaya waliomtendea Sulla, na baadhi kwa sababu ya uzuri wa nyumba zao. Sulla alijifanya dikteta bila kikomo cha miezi sita. Baadaye aliacha kazi kwa hiari yake, akafa kitandani mwaka 78 K.K. Lakini njia alikuwa amekwisha kuionyesha.

Aliyeifuata njia hiyo ni Julius Caesar. Wengi wenu mnamjua, kwa kuwa Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya habari zake, na tafsiri hiyo ilichapishwa mwaka 1963. Caesar alipigana miaka minane katika nchi ya Gallia, ambayo leo ni Ufaransa na majirani zake, akapata utajiri na jeshi lililompenda. Seneti ilipomwamuru aliache jeshi hilo alikataa. Januari ya mwaka 49 K.K. alivuka mto mdogo uitwao Rubicon, mpaka ambao jemadari hakuruhusiwa kuuvuka akiwa na askari. Aliwashinda wapinzani wake wote. Alifanya mambo mema kadhaa, na mojawapo tunalitumia hata sasa: kalenda ya siku 365, yenye siku moja zaidi kila mwaka wa nne. Mwezi wa Julai una jina lake. Lakini mwaka 44 K.K. alikubali kuitwa dikteta wa maisha. Tarehe 15 Machi kundi la wajumbe wa Seneti, wakiongozwa na Brutus na Cassius, walimchoma visu barazani, majeraha 23.

Wauaji walitoka nje wakipiga makelele kwamba uhuru umerudi. Mimi siwacheki, kwa maana baadhi yao waliamini hivyo kwa moyo safi. Lakini hawakuwa na shauri lolote la kesho yake. Walimwua mtu, wakayaacha majeshi kama yalivyokuwa, yenye njaa ya ardhi na yenye silaha.

Sasa aingie kijana wetu. Caesar alikuwa na mjukuu wa dada yake, mwenye umri wa miaka 18, mwili dhaifu, mara kwa mara mgonjwa. Katika wasia wake Caesar alimfanya mwana na mrithi. Historia humwita Octavianus. Kijana huyu hakuwa jemadari, lakini alikuwa na jina la Caesar, na kwa jina hilo askari wazee wa Caesar walimfuata. Mwaka 43 K.K. alipatana na Marcus Antonius na Lepidus, wakatawala watatu, wakatundika orodha za majina kama Sulla. Cicero, msemaji mkuu wa Roma, aliyekuwa na umri wa miaka 63, aliuawa. Kichwa chake na mikono yake vilitundikwa kwenye jukwaa alikozoea kuhutubia. Mwaka uliofuata Brutus na Cassius walishindwa vitani, wakajiua. Ili kuwalipa askari wao, washindi walichukua ardhi ya miji 18 ya Italia, wenyewe wakafukuzwa. Kisha washindi waligombana wao kwa wao. Antonius, akiwa pamoja na Cleopatra, malkia wa Misri, alishindwa katika vita vya merikebu mahali paitwapo Actium, mwaka 31 K.K. Mwaka 30 K.K. wote wawili walijiua, na Misri yenye ngano nyingi ikawa mali ya Roma.

Mama uliyetuandikia, sasa piga hesabu. Tangu Caesar kuvuka Rubicon hata kufa kwa Cleopatra ni miaka 19. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa sasa kijana mwenye ndevu, na maisha yake yote aliishi katika nchi ambayo Warumi wanauana kwa Warumi. Mwambie kijana huyo kwamba jamhuri itarudishwa kama ilivyokuwa. Atakuuliza, ipi? Ile ya marungu, au ile ya orodha za sokoni?

Octavianus alilijua jambo hilo, na alijua la pili pia: kwamba Caesar aliuawa kwa sababu ya jina la cheo. Januari ya mwaka 27 K.K. aliingia katika Seneti akasema kwamba anarudisha mamlaka yote kwa Seneti na watu wa Roma. Wajumbe walimsihi asiwaache. Wengine walisihi kwa kweli, wengine kwa hofu, na wengine kwa sababu walikwisha kuambiwa waseme nini. Akakubali kubeba mzigo mdogo tu, yaani aziangalie nchi zenye hatari, Hispania, Gallia na Shamu, kwa miaka kumi. Lakini tazameni ramani. Nchi hizo ndizo zilizokuwa na sehemu kubwa ya majeshi. Siku chache baadaye Seneti ilimpa jina jipya, Augustus, yaani mtukufu.

Hakujiita mfalme. Alikataa kuitwa dikteta. Alijiita raia wa kwanza. Makonsuli waliendelea kuchaguliwa, Seneti iliendelea kukutana, sheria ziliendelea kusomwa. Mwaka 23 K.K. alipewa mamlaka ya watetezi wa raia, ile haki ya kusema nakataza, bila ya kuwa mtetezi mwenyewe. Kumbukeni Tiberius Gracchus alikufa akiwa na kazi hiyo. Sasa ngao ya maskini ilikuwa imevaliwa na mtu mwenye majeshi. Vyombo vyote vya nyumba ya zamani vilikuwa mahali pake. Mwenye nyumba tu ndiye aliyebadilika.

Je, ni udanganyifu? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini alitenda jambo moja ambalo Seneti ilishindwa kulitenda kwa muda wa miaka mia moja. Aliutibu ugonjwa wa askari. Alipunguza majeshi kutoka vikosi vikubwa kama 60 hata vikabaki 28, na askari waliotolewa aliwanunulia ardhi, akiilipia. Kisha mwaka 6 B.K. aliweka hazina maalum ya jeshi, ikijazwa kwa kodi ya asilimia tano juu ya urithi. Askari akitimiza miaka yake ya kazi alipewa fedha zake kutoka hazina hiyo. Matajiri walinung'unika sana juu ya kodi ile. Laiti babu zao wangalitoa sehemu ndogo ya mali hiyo wakati wa Gracchus.

Mjini Roma watu 200,000 walipewa ngano bure. Maharamia walifukuzwa baharini. Palikuwa na hekalu moja ambalo milango yake ilifungwa wakati Roma haina vita popote. Kabla ya Augustus ilifungwa mara mbili tu katika historia yote. Wakati wake ilifungwa mara tatu. Wakristo walio kati yenu wamelisoma jina lake katika Injili ya Luka, sura ya pili, katika habari ya kuandikwa watu.

Amani hiyo, kwa kuhesabu mpaka kufa kwa Kaisari Marcus Aurelius mwaka 180 B.K., ilidumu kama miaka 200, nayo huitwa Amani ya Kirumi. Barabara za mawe ziliunganisha nchi kutoka Britania mpaka Shamu. Mfanyabiashara aliweza kusafiri mbali akitumia fedha moja. Merikebu zilitoka bandari za Misri katika Bahari ya Shamu zikaenda na pepo za msimu hata Bara Hindi, na nyingine zilishuka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Katika karne ya kwanza mwenyeji mmoja wa Misri, aliyeandika Kiyunani, alitunga kitabu cha kuwaongoza wafanyabiashara wa bahari hizi. Anautaja mji wa soko wa Rhapta, pwani ya kusini, ambako watu waliuza pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa, wakanunua mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo. Kwa hiyo kitana cha pembe katika nyumba ya bibi wa Roma huenda kilitokana na ndovu wa huku kwetu.

Lakini amani ya nani? Nami ni lazima niwaambie upande wa pili. Wayahudi walipoasi, mji wa Yerusalemu ulichomwa na hekalu lake likabomolewa mwaka 70 B.K. Huko Britania malkia Boudica aliasi mwaka 60 au 61 B.K. baada ya yeye kupigwa viboko na binti zake kunajisiwa, na watu wake walichinjwa kwa maelfu. Watumwa waliendelea kuwa watumwa. Tacitus, mwandishi Mrumi tena mjumbe wa Seneti, alitunga hotuba kali akaitia kinywani mwa chifu wa Britania, akiishutumu amani hiyo kuwa unyang'anyi mtupu. Namheshimu kwa hilo.

Wapo pia Waafrika waliokataa. Kusini ya Misri, katika Sudan ya leo, palikuwa na ufalme wa Kush, na mji wake Meroe. Kama mwaka 25 K.K. jeshi la Kush liliushambulia mji wa Aswan, likang'oa sanamu za Augustus. Malkia wao, mwenye cheo cha Kandake, anasemwa kuwa alikuwa na jicho moja na moyo wa kiume. Warumi walijibu kwa kuuteketeza mji wa Napata, lakini mwishowe mabalozi wa Kush walikwenda mpaka kisiwa cha Samos kuonana na Augustus mwenyewe, naye akawafutia kodi. Mwaka 1910 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta huko Meroe kichwa cha shaba cha Augustus. Kilikuwa kimezikwa chini ya kizingiti cha hekalu, ili kila aingiaye amkanyage. Kwa kuwa mchanga ulikitunza, ni katika sanamu zake zilizo nzuri kuliko nyingi, na macho yake bado yamo. Kiko London, katika nyumba ya makumbusho ya British Museum.

Augustus alikufa Agosti, mwezi wenye jina lake, mwaka 14 B.K., akikaribia kutimiza miaka 76. Mtu aliyezaliwa siku ya vita vya Actium alikuwa akikaribia miaka 44 wakati huo. Ni wazee wachache tu waliokumbuka jamhuri. Mwana wake wa kambo, Tiberius, alimrithi, na wajumbe wa Seneti walishindana kumwapia utii. Lakini kwa kuwa Augustus hakukiri kwamba kiti cha ufalme kipo, hakuweza kuandika sheria ya namna ya kukirithi. Shimo hilo liliwameza wengi. Caligula aliuawa na walinzi wake mwaka 41 B.K. Nero alijiua mwaka 68, na mwaka 69 peke yake Makaisari wanne walifuatana, kila mmoja akisimamishwa na askari. Baadaye walitokea watawala wema, kama Trajan, Hadrian na Marcus Aurelius, lakini wema wao ulikuwa bahati ya raia, haukuwa haki yao.

Mwaka 193 B.K. walinzi wa Roma walimwua Kaisari wao, kisha wakatangaza cheo chake kwa mnada kutoka ukutani mwa kambi. Tajiri mmoja, Didius Julianus, alishinda kwa kuahidi sesterce 25,000 kwa kila mlinzi. Alitawala siku 66, akauawa.

Saa yetu imekwisha. Kwa kazi ya darasa, kila mmoja aandike mistari mitano ya barua kumjibu yule mama: kama ungalikuwa mkulima wa Italia mwaka 27 K.K., shamba lako limechukuliwa wapewe askari, na sasa vita vimekwisha, ungalimpokeaje Augustus? Waalimu watukusanyie barua hizo. Juma lijalo tutazungumza juu ya barabara za Warumi na jinsi zilivyojengwa. Kwa herini.